Anayemlisha Wacera

Mtoto wa Kagure aliacha kula, halafu akaanza kunenepa.

Mwanzoni mama yake hakulitia maanani. Watoto wanaoanza kutembea wana visirani vyao; leo anataka ugali, kesho anaupaka ukutani. Wacera alifunga mdomo kila alipoonyeshwa kijiko, akageuza uso, na uji ukamwishia shingoni. Kagure aliacha viazi akaleta ndizi, akaacha ndizi akaleta yai, na mtoto akafunga mdomo vilevile, bila kulia, kama mtu aliyetoka kula kwingine na hana haja. Wakati huohuo suruali zake zilikataa kufunga vifungo. Mashavu yalijaa, mapaja yakapata mikunjo. Wateja wa hoteli yake walimfinya wakauliza, "Kagure, hii mtoto unaipea nini?" Naye alicheka tu, akaendelea kumimina chai.

Kilichomtia kinyaa ni pumzi. Asubuhi moja alimwinua amvalishe soksi, mtoto akapiga mbweu usoni pake. Mbweu ile ilinuka matumbo ya mbuzi yasiyooshwa, ikanuka viazi vitamu vilivyolala, na juu ya hayo yote ilikuwa na harufu ya kinywa cha mtu mzima, mzee, mwenye meno mabovu. Kagure alimweka chini haraka, akaenda kunawa uso kwa sabuni.

Kagure mwenyewe alikuwa mtu wa usafi wa kuchosha wengine. Alizaliwa Timau, akasomea mambo ya vyakula, akaolewa na Munene, dereva wa lori, na pale Chaka, kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, akafungua hoteli ndogo ya maziwa lala, yaani mtindi, chai na mayai ya kuchemsha. Kitambaa cha meza hakikugusa kaunta. Vikombe vilioshwa kwa maji moto, vikasuuzwa kwa maji moto mengine. Mtoto alikaa naye kazini, kwenye godoro dogo pembeni, limezungushiwa kreti za maziwa asitoke.

Usafi huo ndio ulimgombanisha na mama mkwe wake. Mtoto aliitwa Wacera kwa jina la yule bibi, kama ilivyo desturi binti wa kwanza kupewa jina la mama wa baba yake, na kwa hiyo Munene alimwita bintiye "Maitu", yaani mama yangu, nyumba nzima ikicheka. Yule bibi, ambaye wote walimwita Cucu, yaani nyanya, kama aitwavyo kila mwanamke mzee, alikuwa akija hotelini kila akimaliza kukamua, kumlisha wajina wake. Siku moja ya soko, mabenchi yamejaa watu, Kagure aligeuka akaona jinsi anavyomlisha. Cucu alimenya nduma, yaani gimbi lililochemshwa, akaitia kinywani mwake mwenyewe, akaitafuna polepole hadi ikawa rojo, akaitoa kwa vidole viwili na kuitia kinywani mwa mtoto. Hivyo ndivyo Munene alivyolishwa, na baba yake Munene kabla yake. Lakini Kagure aliona mate tu. Alimnyakua mtoto, akamchokoa ile nduma kwa kidole, akamsugua midomo kwa kitambaa chenye dawa, na mbele ya watu wote akamwambia mama mkwe kwamba kinywa chake ni mtaro wa maji machafu na asikanyage tena hapo.

Cucu alifunga kitambaa chake kichwani, akatoka. Watu waliinamia vikombe vyao.

Hapo hotelini, siku hiyohiyo, kulikuwa na bikizee mwingine. Alikuwa amekaa benchi la mlangoni, amevaa koti zito la sufu, vifungo vimepishana, na mbele yake kikombe cha maziwa lala ambacho hakukigusa. Kagure hakumjua. Alidhani ni jirani wa upande wa mumewe, maana mtu aliyeolewa mbali na kwao hawezi kuwajua wazee wote. Bikizee alinyanyuka, akaenda kwenye kreti, akainama, na akamtemea mtoto mate kwenye paji la uso, kidogo tu, kama wazee wanavyobariki.

Huku kwetu mate ya mzee ni baraka, na hakuna anayeyakataa. Kagure alinyoosha mkono kwenye kitambaa. Mate yenyewe yalikuwa mazito, yanateremka taratibu kuelekea jicho la mtoto kama ute wa yai. Lakini aliona macho ya wateja. Alikuwa amemtukana mzee mmoja, na sasa wote walikuwa wanangoja waone kama atamtukana wa pili.

"Asante, Cucu," akasema.

"Umekubali?" bikizee akauliza.

"Nimekubali."

Basi akaondoka. Kagure alimfuta mtoto mara hiyohiyo, na yale mate yakavutika kwenye kitambaa kama gundi, yakakataa kukatika hadi alipoyakata kwa makasi. Akakitupa kitambaa motoni. Mkataa pema pabaya panamwita, lakini nani hukumbuka methali akiwa na wateja wanaongoja chai? Jioni alikuwa amesahau.

Kwa hiyo mtoto aliponenepa bila kula, hakumwaza bikizee. Alimwaza Judy, msichana aliyemwajiri kuosha vyombo. Alijiambia kwamba Judy ananunua mutura, ile soseji ya matumbo ambayo hayajaoshwa vizuri, kwa kijana mmoja wa stendi, na kumlisha mtoto anyamaze. Judy alipoulizwa alikaribia kulia. "Ati mimi? Aki mama Wacera, hata biskuti sijawahi mpea."

Kagure hakumwamini. Alitaka ushahidi, na ushahidi alienda kuutafuta Nanyuki.

Gatimu, fundi wa kamera, alikuwa na duka jembamba la kupita mtu mmoja, waya zikining'inia kila upande. Alimwekea mashine za kurekodi tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kamera nane. Gatimu mwenyewe akamwambia asijisumbue, hoteli yake ina pembe nne tu. Ya pili ilikuwa nzuri lakini ilitaka kamera za aina yake yenyewe, bei za mabenki. Ya tatu ilikuwa ya kamera nne, plastiki tupu, nyepesi kama sanduku la viatu, na hiyo ndiyo watu wa maduka madogo walikuwa wananunua. Alimwonya jambo moja. Mashine hizi huuzwa bila diski ya kuhifadhia picha, na mafundi wengi huzitia diski iliyong'olewa kwenye kompyuta kuukuu, ikafa mvua za kwanza zikinyesha. Afadhali diski ndogo lakini mpya, ya kazi hiyo, kisha mashine iambiwe irekodi pale tu kitu kinaposogea, ili isijae picha za viti. Kagure alikubali yote. Akaongeza ombi lake: kamera ya pembe ya mtoto iwe na maikrofoni, kwa kuwa alitaka kusikia Judy anamwambia nini.

Gatimu alikuja mwenyewe kuifunga. Alipitisha waya mbali na waya za stima, kwa sababu zikilala pamoja picha huwa na mistari. Mashine alitaka kuiweka juu ya friji. Kagure akasema mwizi ataanza na hapo, wakaificha ndani ya kabati lililotobolewa matundu ya kupumulia. Alirekebisha tarehe, akaisafisha diski, akambadilishia nambari ya siri. "Ile ya kiwandani usiache," akamwambia. "Nanyuki mzima tunaijua." Kisha akaiunganisha na simu ya Kagure.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyokuwa na maana. Kwenye skrini picha iligawanyika miraba midogo kama ya daftari la hesabu. Kwa kipanya Gatimu alifuta miraba ya kaunta, ya mlango na ya mabenchi, kwa kuwa hapo watu hupita muda wote, akaacha pembe ya mtoto peke yake. Kitu kikisogea hapo, miraba yake inakuwa myekundu na simu inalia. Aliipunguza ukali ili mtoto akicheza isishtuke. "Hii sasa inataka kitu kubwa," akasema. "Saizi ya mtu." Akaingiza mkono na bega ndani ya kreti kujaribu, miraba ikawaka nyekundu kwa umbo la mkono na bega, na simu ikalia. Wakafurahi wote wawili.

Kagure alimkaribisha chai na mayai. Ilikuwa saa za mchana, jua limepiga mlangoni, wateja wachache wanazungumza habari za bei za viazi. Judy alikuwa kwenye karai, mikono imezama kwenye povu hadi viwiko. Kagure alikuwa kwenye kaunta. Simu ikalia.

Kagure alitazama pembeni. Mtoto alikuwa peke yake.

Gatimu aliona haya kidogo, kama fundi yeyote ambaye kazi yake imekosea kabla hajaondoka. Alisema labda ni nzi amepita karibu na kioo. Alipanda ngazi akakipangusa. Hajashuka, simu ikalia tena. Kagure akaifungua, na Gatimu akaja kuchungulia juu ya bega lake, yai mkononi.

Kwenye picha Wacera alikuwa ameketi kwenye godoro, ametulia, ameinua uso, mdomo wazi kama kifaranga. Na mbele yake miraba ilikuwa imewaka. Haikuwaka ovyo. Ilipanda kutoka sakafuni, ikasimama kimo cha mtu mzima aliyeinama, ikakaa pale juu muda, ikitetemeka mahali pamoja pale ambapo mtu angekuwa na taya, kisha ikashuka taratibu hadi kwenye mdomo wa mtoto, ikaufunika, ikapanda tena. Mtoto akameza. Koo lake lilionekana likimeza.

Kagure aliinua macho kutoka kwenye simu. Pembeni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mtoto, mdomo wazi.

"Madam," Gatimu akasema chini kabisa, "weka sauti."

Kagure akabonyeza alama ya spika. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kutafuna, kutafuna kwa ufizi usio na meno, kule kunyonya na kugeuza na kunyonya tena, mate yakizunguka tonge, pumzi ikipita puani kwa shida, kisha mlio mdogo wa majimaji kama kizibo kinachong'olewa, na baada ya hapo sauti ya bikizee, karibu sana na maikrofoni, yenye upendo ambao ulimsimamisha Kagure nywele za mikono, ikisema, "Mukami. Mukami wangu. Meza."

Na mtoto akajibu, "Ii."

Gatimu aliweka yai mezani. Aliondoka akaacha ngazi yake, na hajawahi kuirudia.

Kagure aliruka kreti. Alimshika mtoto kidevu, akamfungua mdomo, akaingiza kidole kama alivyofanya siku ile ya nduma. Alitoa tonge la kijivu, lenye joto, lililotafunwa likalainika kama udongo wa mfinyanzi, na ndani yake nyuzi za nyama, na majani, na kipande cha kitu kigumu ambacho alikitazama hadi akajua ni ukucha. Unywele mweupe ulikuwa umebaki ulimini. Akauvuta. Ukaja, na ukaendelea kuja, unateleza kutoka kooni, mrefu kuliko mkono wake, umelowa na kupakwa ute wa manjano, na yeye anavuta na kuuzungusha kwenye vidole kama mtu anayekunja uzi kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na kadiri alivyovuta ndivyo ile harufu ya matumbo ilivyopanda ikamjaa puani, na mtoto hakukohoa wala hakulia, alikuwa anacheka, kama anatekenywa.

Unywele ulipokwisha Kagure alitapika kwenye ndoo ya maziwa. Kisha akamwita mtoto wake. "Wacera." Mtoto alikuwa anachezea kreti, hakugeuka. "Wacera, mama." Hakugeuka. Kagure alijua la kufanya na hakutaka kulifanya. Akanong'ona, "Mukami."

Mtoto akageuka, akatabasamu.

Hapo ndipo Kagure alipoogopa kweli. Magonjwa alikuwa na dawa zake, na uchafu alikuwa na sabuni. Lakini mtoto alikuwa anachukuliwa kijiko kwa kijiko, pale mbele yake, mchana, wateja wakinywa chai.

Munene aliporudi safari walimpeleka mtoto kwa mchungaji. Mchungaji aliomba hadi akalowa jasho, na mtoto alikaa ametulia, akipiga mbweu. Njiani kurudi Munene alisikiliza ile rekodi kando ya barabara, mara moja tu. Alisema hamjui Mukami yeyote aliye hai. Akasema mtu wa kuuliza ni mama yake. Lakini akaongeza kwamba yeye hataenda kuuliza. Mdomo uliomfukuza ndio uende ukamwite.

Kagure alienda, mtoto mgongoni. Alimkuta Cucu nje, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakupata njia nzuri ya kuanza, basi alipiga magoti kwenye maganda, akaweka simu juu ya ungo ikajisemea yenyewe.

Cucu alisikiliza hadi lile jina. "Zima," akasema.

Vidole vyake viliendelea kuchambua maharagwe bila yeye kuyaangalia. Halafu alisema, kwa sauti ndogo, akitazama nyuma ya kibanda kana kwamba kuna mtu. Mukami alikuwa jirani yake, shamba kwa shamba, kabla Kagure hajaolewa huku. Hakujaliwa mtoto. Uzeeni aliishiwa meno, akawa hawezi hata ugali, na Cucu ndiye aliyekuwa akienda kumtafunia chakula na kumtilia kinywani, siku baada ya siku.

"Halafu nikaanza kusikia kinyaa," Cucu akasema. "Hiyo mdomo yake vile ilikuwa. Nikasema leo siendi, nitaenda kesho. Nikakaa. Yeye alikuwa ananingoja. Tulijua amekufa vile tuliona mbwa wa hapa zimenenepa."

Kagure alifunga macho.

"Mtu wetu hafi yote kama kuna mtoto anaitwa jina yake," Cucu akaendelea. "Huyo alikufa yote. Hakuna mtoto anaitwa yeye. Sasa amepata."

"Amepataje, Cucu?"

"Si ulinitoa kwa kiti yangu ya kumlisha? Kiti haikai bure. Na si ulimwambia umekubali."

Kagure aliomba msamaha. Aliomba vibaya, akilia na kamasi, akisema maneno yaleyale. Cucu hakumwambia amemsamehe wala hakumwambia hajamsamehe. Aliingia ndani, akatoka na nduma iliyochemshwa, ameifunga kwenye kitambaa, akasema twende.

Walifunga mlango wa hoteli kukiwa bado mchana, Judy akarudishwa kwao mapema. Munene alisimama karibu na kaunta ameshika simu ya mkewe, ili waone kama Mukami yupo. Miraba ilikuwa imekwisha kuwaka. Ilikuwa imekaa kwenye godoro, pembeni mwa mtoto, kama mtu anayengoja kualikwa.

"Mtoto hawezi kukubali kitu mama yake amekataa," Cucu akasema. "Utaanza wewe."

Kagure alielewa, na mwili wake wote ukakataa kabla yeye hajasema lolote. Cucu alimega nduma akaanza kutafuna. Meno yake yalikuwa machache, na ya mbele yalikuwa ya kahawia, na alitafuna kwa muda mrefu, shavu hili, shavu lile, povu jeupe likijikusanya kwenye pembe za midomo, na Kagure alisikia kila mgeuzo wa ulimi, na baada ya kitambo akasikia kwamba watafunaji ni wawili, kwamba sauti nyingine inatoka kwenye simu mkononi mwa Munene, inafuatana na ya Cucu taya kwa taya. Cucu akatoa lile rojo kwa vidole viwili. Lilikuwa na uzi wa mate uliolifunga na mdomo wake.

"Fungua," akasema.

Kagure akafungua mdomo. Lilikuwa vuguvugu. Lilikuwa na utelezi, na ladha ya ugoro, na ya meno, na ya mtu mwingine, na koo lake likalirudisha juu, likajaa mashavuni, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akamtazama mwanawe aliyenona kwa nyama asiyoijua, akameza. Likarudi. Akalimeza mara ya pili.

Cucu alitafuna tonge jingine, akapiga magoti mbele ya mtoto. Wacera alifunga mdomo. Kwenye simu miraba ilipanda, ikasimama kati yao.

"Mukami, ni mimi," Cucu akasema, kwa upole, akiongea na hewa. "Nilikuchoka. Hiyo ilikuwa makosa yangu, si ya huyu mtoto. Unataka jina? Yangu ni kubwa, inatosha watu wawili. Kutoka leo wewe pia ni Wacera. Achana na hiyo mdomo yake."

Miraba ikaacha kutetemeka. Munene alisema baadaye kwamba ilizimika mmoja mmoja, kama mtu anayefikiri. Kisha mtoto akainama mbele akaanza kutapika, na alitapika kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kubeba, uchafu wa kijivu wenye nywele na maganda na vipande vya ngozi, ukajaa godoro, ukapita kati ya kreti, ukatandaa sakafuni ambako Kagure alikuwa anapiga deki mara tatu kwa siku, na ulikuwa unafuka mvuke. Mtoto alipomaliza alilia. Kilikuwa kilio cha njaa. Cucu akamtilia nduma kinywani, naye akaipokea.

Kwenye simu miraba ilivuka kreti, ikapita kando ya Kagure, ikatoka kwenye pembe ambayo mashine ilikuwa inaiangalia. Munene aliufungua mlango ukae wazi.

Cucu alipokuwa anaondoka alimwambia Kagure, "Sasa chunga vile unamwita." Kagure alikuwa anamwaga dawa sakafuni, akaitikia bila kusikiliza.

Mtoto alipungua akarudi mwili wake. Alikula yai, alikula viazi, aliupaka ugali ukutani. Ukimwita Wacera anageuka. Kagure alimwomba Judy msamaha, na Cucu akawa anakuja tena kila akimaliza kukamua, na akimtafunia mtoto Kagure anapata kazi ya kufanya jikoni. Hakuzoea. Lakini alinyamaza.

Kisha siku moja akiwa Nyeri kununua vikombe, alifungua simu kumwangalia mtoto. Aliwasha na sauti. Judy alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye karai, akimwita Wacera aje anywe uji, na mtoto akaitikia, "Ii." Nyuma ya sauti ya mtoto, karibu sana na maikrofoni, mwingine akaitikia pia, kinywa kimejaa.

Kuanzia hapo Kagure alikataza lile jina. Mtoto aliitwa toto, aliitwa mrembo, aliitwa Maitu kama baba yake alivyopenda. Judy alidhani mwajiri wake amepatwa na wazimu mpya. Cucu aliulizwa kama maneno yale yanaweza kurudishwa, akasema jina si nguo. Na kwa kweli nyumba ilitulia. Simu haikulia. Miezi ilipita hivyo, na Kagure akaanza kuamini kwamba mtu anaweza kumlea mtoto hadi awe mkubwa bila kumwita jina lake.

Watoto hukua wakajifunza kukimbia. Siku ya soko Kagure alikuwa anamfungashia mteja mayai, akasikia breki za baiskeli nje, akainua kichwa. Mtoto alikuwa ametoka. Alikuwa anafukuza mfuko wa plastiki uliokuwa unapeperushwa, mikono mbele, na mfuko ulikuwa unaelekea katikati ya barabara, na kutoka upande wa Nanyuki lilikuwa linateremka lori lililojaa ngano ya Timau, dereva akipiga honi.

"Toto!" Kagure akaita, akikimbia. "Mrembo! Maitu!"

Mtoto hakugeuka. Hayo yalikuwa majina ya kubembelezwa, mtoto huyajua ni ya mchezo. Alikuwa amefika kwenye lami, na Kagure alikuwa mbali bado, akajua miguu yake haitafika.

"Wacera," akaita.

Mtoto akasimama. Akageuka, akamwona mama yake, akarudi akikimbia, na lori likapita nyuma yake likiacha vumbi na makapi. Kagure alipiga magoti akamkumbatia kwa mkono wa kushoto, akamshindilia kifuani, akimhesabu vidole kama aliyezaliwa leo. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki wazi, umenyooshwa, kama alivyokuwa ameunyoosha kumwita.

"Ii, maitu," sauti ikasema sikioni mwake, yenye mate.

Kisha akahisi mkono mwingine, mkavu, wenye kucha ndefu, ukiingia ndani ya kiganja chake na kukishika kama mtoto anavyomshika mama yake akitaka kuvushwa barabara. Kagure hakuuachia. Alijua akiuachia utatafuta wa mtoto.